Jinsi ya Kuongoza Mjadala wa Vijana Kuhusu Hatima ya Ulimwengu

Kikundi chochote cha vijana wanaopenda nyota hakikawii kufika kwenye swali la mwisho wa ulimwengu, na kikishafika hapo hakitaki kuondoka. Je, nyota zote zitazimika? Je, ulimwengu utajikunja na kuanza upya, na huenda umekwisha kuanza upya mara nyingi kabla yetu? Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwalimu au kiongozi wa kikundi wa hapa Moshi anayetaka kulishughulikia swali hilo kwa uzito unaolistahili, akitumia vifaa ambavyo hata shule ya kata inaweza kuvipata: ubao, kikokotoo, mpira wa baiskeli, chupa ya chai na anga la usiku.

Shauri langu kubwa linahusu mpangilio. Usianze na nadharia za ulimwengu unaozaliwa upya, ingawa ndizo vijana wanazozipenda na ndizo wanazokuja nazo kutoka kwenye simu zao. Anza na yale yaliyopimwa, upitie hatima zinazotokana na vipimo hivyo, ndipo uingie kwenye mizunguko ukiwa na swali moja utakaloiuliza kila nadharia: entropia, yaani kipimo cha mchanganyiko usiorudi nyuma, inakwenda wapi? Ukiwapa vijana swali hilo wataweza kuzipima nadharia wao wenyewe, wala hawatahitaji kuambiwa ipi ni ya kuaminiwa na ipi ni ya kutiliwa shaka.

Kuchagua usiku na mahali

Mjadala huu unaweza kufanyika darasani kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini ninashauri jioni ya kwanza iwe nje. Miezi ya masika, yaani Machi hadi Mei, iache. Juni hadi Agosti mawingu hulala juu ya mji kwa siku nyingi, na baridi huwaondolea vijana utulivu. Septemba na Oktoba ni miezi mizuri, Januari na Februari pia. Novemba ina mvua za vuli, lakini usiku unaofuata mvua hewa huwa imeoshwa vumbi lote, na ukibahatika kupata mwanya wa mawingu hutaona anga safi kuliko hilo.

Taa za mjini zinaumiza macho ya mtazamaji, kwa hiyo tafuta uwanja ulio upande wa kusini, kuelekea tambarare ya mashamba ya miwa ya TPC, ambako giza ni la kutosha na hakuna migomba inayoziba upeo wa macho. Omba ruhusa ya wazazi kwa maandishi, mjulishe mkuu wa shule, na umwarifu mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa mapema, kwa sababu kundi la watu waliosimama gizani wakitazama juu huzua maswali. Tochi zifungwe karatasi nyekundu ya plastiki ili macho yasipoteze mazoea ya giza.

Mwishoni mwa Novemba, karibu saa tatu usiku, waelekeze vijana wageukie kaskazini. Mji wa Moshi uko kusini kabisa mwa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kwa hiyo mlima wenyewe ndio dira yako. Watafute kwanza nyota tano za Kasiopea, zilizojipanga kwa umbo la herufi M juu ya mlima, kisha wapandishe macho hadi kufikia nusu ya njia kati ya upeo na utosi. Hapo kuna doa la mwanga hafifu, refu kidogo, ambalo huonekana vizuri zaidi ukilitazama kwa pembeni ya jicho kuliko ukilikodolea. Darubini ya macho mawili italionyesha wazi zaidi, na waongoza watalii wengi wa hapa wanazo na huziazimisha wakiombwa kwa heshima. Doa hilo ni galaksi ya Andromeda. Iko umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 2.5, maana yake mwanga unaoingia machoni mwao uliondoka huko kabla ya zana za mawe za kale zilizopatikana Oldupai, ambazo umri wake ni kama miaka milioni 2.

Hapa pana jambo ambalo kiongozi anapaswa kulisema mapema. Andromeda haitukimbii. Inatusogelea, kwa sababu yenyewe na galaksi yetu ya Njia Nyeupe zina mvutano wa kutosha kushinda upanukaji wa ulimwengu katika umbali mdogo kama huo. Waambie wazi, ili kesho mtakapozungumza juu ya galaksi zinazotawanyika asiwepo atakayedhani kwamba ameuona utawanyiko huo kwa macho yake. Walichokiona ni upande wa pili wa habari, yaani mvutano unaokusanya, na hatima yote ya ulimwengu inategemea mashindano kati ya kukusanya na kutawanya.

Mpira wa baiskeli na umri wa ulimwengu

Siku inayofuata, darasani, leta mpira wa ndani wa baiskeli uliotupwa na fundi. Uoshe, ukate utepe wenye upana wa kidole na urefu wa sentimita 40, kisha utie alama nyeupe kila baada ya sentimita 5. Vijana wawili washike ncha, wa tatu aweke rula ndefu chini yake, na alama moja ichaguliwe kuwa ndiyo sisi. Wavute polepole hadi urefu uwe mara mbili. Alama iliyokuwa sentimita 5 kutoka kwetu sasa iko sentimita 10, kwa hiyo imesogea sentimita 5. Iliyokuwa sentimita 20 sasa iko 40, imesogea 20. Muda uliotumika ni uleule, kwa hiyo iliyo mbali zaidi imekwenda kasi zaidi, na kwa uwiano kamili. Rudieni jaribio mkichagua alama nyingine kuwa sisi, na matokeo yatakuwa yaleyale. Usilipuuze rudio hilo, kwa kuwa ndilo linalomwonyesha kijana kwamba kuona kila kitu kikitukimbia hakutufanyi kuwa katikati ya ulimwengu.

Uwiano huo ndio aliouandika Georges Lemaître wa Ubelgiji mwaka 1927, na ambao Edwin Hubble aliuthibitisha kwa vipimo vya galaksi mwaka 1929 huko Marekani. Waambie pia mahali ambapo mpira unadanganya: mpira una ncha mbili na unapanuka ndani ya chumba, ilhali hatujui ncha yoyote ya ulimwengu wala hatuhitaji chumba cha nje ili upanuke. Tena alama zenyewe zinanyooka pamoja na mpira, lakini galaksi, jua na miili yetu havipanuki, kwa sababu vimeshikiliwa na nguvu zake vyenyewe.

Kisha wape hesabu. Kasi ya upanukaji ni takriban kilomita 70 kwa sekunde kwa kila umbali wa miaka ya nuru milioni 3.26, umbali ambao ni kilomita 3.09 × 10¹⁹. Wagawanye umbali huo kwa 70 ili wapate sekunde, kisha wagawanye kwa sekunde za mwaka mmoja, ambazo ni takriban milioni 31.6. Jibu litakuwa karibu miaka bilioni 14. Kipimo makini, kinachozingatia kwamba kasi haikuwa ileile siku zote, kinatoa miaka bilioni 13.8, lakini kijana aliyeupata umri wa ulimwengu kwa kikokotoo chake mwenyewe hausahau. Mwenye kuuliza kwa nini namba ni 70 na si nyingine apewe ukweli: vipimo vinavyotokana na mwanga wa kale vinatoa kama 67, vinavyotokana na nyota na supanova, yaani nyota zinazolipuka, vinatoa kama 73, na wataalamu bado hawajapatana juu ya chanzo cha tofauti hiyo.

Mwanga huo wa kale unastahili dakika chache. Arno Penzias na Robert Wilson waliunasa mwaka 1964 kwa antena ya redio huko New Jersey, na wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Ni mnururisho uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka kama 380,000, na sasa umepoa hadi karibu nyuzi 270 chini ya sifuri za Selsiasi. Ukipata televisheni ya chogo ambayo bado inawaka, iunganishe na antena yake na kuiweka kwenye chaneli tupu: kama asilimia 1 ya chenga zitakazoonekana hutokana na mnururisho huo.

Kutoka vipimo hadi hatima

Kwa miongo mingi swali la hatima lilikuwa na umbo rahisi. Ikiwa maada iliyomo ulimwenguni ni nzito vya kutosha, mvutano utausimamisha upanukaji na kuugeuza, na kila kitu kitarudi kujikusanya katika msongo mkuu. Ikiwa ni pungufu, upanukaji hautakoma. Mpaka kati ya hali hizo mbili ni mwembamba wa kushangaza, kwani ni sawa na atomu kama 5 za haidrojeni katika kila mita moja ya ujazo. Waache vijana wafikirie ujazo wa meza ya darasa ukiwa na atomu chache tu ndani yake, na waelewe kwamba hilo ndilo lililokuwa likipimwa.

Kisha likaja jibu la mwaka 1998 ambalo halikutarajiwa na upande wowote. Timu mbili zilizokuwa zikishindana, moja ikiongozwa na Saul Perlmutter na nyingine na Brian Schmidt pamoja na Adam Riess, zilipima supanova za aina moja maalumu ambazo mng'ao wake halisi unajulikana. Supanova za mbali zilionekana hafifu kuliko ilivyotarajiwa, kwa hiyo zilikuwa mbali zaidi, kwa hiyo upanukaji haupungui bali unaongezeka kasi. Viongozi hao watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2011. Kinachousukuma ulimwengu kiliitwa nishati ya giza, na kwa vipimo vya Planck, chombo cha angani kilichoupima ule mwanga wa kale, ni takriban asilimia 68 ya vyote vilivyomo. Maada ya giza, isiyoonekana ila kwa mvutano wake, ni kama 27, na maada ya kawaida, ikiwa ni pamoja na Kilimanjaro na nyota zote zinazoonekana, haifiki hata 5.

Sasa wape hatima yenyewe, na uanze na ile ambayo vipimo vya leo vinaielekea zaidi, yaani ubaridi wa milele. Chukua chai ya moto kutoka kwenye chupa, imimine katika kikombe chenye maji baridi, na umwite kijana mmoja aitenganishe tena, moto huku na baridi kule. Hataweza, na hakuna atakayeweza bila kutumia nishati kutoka mahali pengine. Kipimo cha hali hiyo ya mchanganyiko usiorudi nyuma ndicho Rudolf Clausius alichokipa jina la entropia mwaka 1865, na sheria ya asili ni kwamba katika mfumo uliofungwa hakipungui. Miaka michache kabla yake, mwaka 1852, William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alikuwa amekwisha kuona matokeo yake: kazi yoyote hufanyika kwa sababu joto hutiririka kutoka penye moto kwenda penye baridi, na siku pote patakapolingana, hapatakuwa na kazi, wala mwendo wenye manufaa, wala uhai.

Ratiba ya kufika huko ni ndefu kuliko akili inavyoweza kushika, kwa hiyo iandike ubaoni kwa hatua. Baada ya miaka kama bilioni 1, jua litakuwa limeongezeka mwanga kiasi cha kuifanya dunia isikalike. Baada ya bilioni 5 hivi litavimba na kuwa jitu jekundu, kisha litabaki kiini kidogo kinachopoa. Baada ya miaka bilioni mia moja na zaidi, galaksi zote za mbali zitakuwa zimevuka mpaka wa kuonekana, na mtazamaji wa wakati huo, kama atakuwepo, ataona galaksi yake tu na giza likiizunguka. Baada ya miaka trilioni 100 hivi, gesi ya kutengenezea nyota mpya itakuwa imekwisha. Yatabaki mashimo meusi, ambayo nayo, kwa hesabu ya Stephen Hawking ya mwaka 1974, huvukiza taratibu: lenye uzito wa jua huchukua miaka ambayo ni 1 ikifuatiwa na sufuri 67, na yale makubwa kabisa hukaribia sufuri 100.

Hatima nyingine zinahitaji muda mfupi tu wa mjadala. Mwaka 2003 Robert Caldwell na wenzake walionyesha kwamba nishati ya giza ikiwa inaongezeka nguvu kadiri nafasi inavyopanuka, itafika siku ya kurarua galaksi, kisha nyota, mwishowe atomu. Vipimo havijaiunga mkono dhana hiyo. Uwezekano wa ombwe, yaani nafasi tupu yenyewe, kubadilika ghafla, uliochambuliwa na Sidney Coleman na Frank De Luccia mwaka 1980, ni wa kweli kihesabu, lakini hauwapi vijana kitu cha kupima, na kwa maoni yangu unawatia hofu bila faida. Utaje kama ukiulizwa.

Msongo mkuu usiufute, kwa sababu karibuni umerudi mezani. Mradi wa DESI, unaotumia darubini iliyoko Kitt Peak, Arizona, umepima mahali pa galaksi na kwasari (viini ving'aavyo sana vya galaksi za mbali) karibu milioni 15, na matokeo yake ya mwaka 2024 na 2025, yakiunganishwa na vipimo vingine, yanadokeza kwamba nishati ya giza huenda inadhoofika na wakati. Ushahidi huo haujafika kiwango ambacho wanafizikia hukiita ugunduzi. Hata hivyo, ikiwa inadhoofika, hatuwezi tena kusema kwa uhakika kwamba upanukaji hautageuka, na mlango wa mizunguko unabaki wazi.

Kuingia kwenye mizunguko

Sasa ndipo uwaruhusu vijana waseme walichokuja nacho, na kila atakayeleta nadharia aulizwe swali la entropia.

Kabla ya hapo, mwanafunzi makini atauliza jambo ambalo huenda likamshtua kiongozi asiyejiandaa. Atasema: “Mwalimu, mwanzo wa ulimwengu ulikuwa gesi iliyosambaa sawasawa, kama hii chai iliyokwisha kuchanganyika, basi entropia si ilikuwa juu tangu mwanzo?” Msifu, maana amegusa kiini cha mada nzima. Jibu lake ni kwamba chai haina mvutano wa maana ndani yake, lakini ulimwengu unao. Penye mvutano, gesi iliyosambaa sawasawa ndiyo hali yenye mpangilio wa juu, kwa sababu asili yake ni kujikusanya kuwa mawingu, nyota na hatimaye mashimo meusi, na shimo jeusi lina entropia kubwa kupita kitu kingine chochote cha ukubwa wake. Kwa hiyo ulimwengu ulianza na entropia ndogo mno, nasi tunaishi kwa kuitumia akiba hiyo. Nadharia ya mzunguko inapaswa kueleza jinsi akiba hiyo inavyojazwa upya katika kila duru. Kaeni hapa hata kipindi kizima. Bila hatua hii, yanayofuata yatakuwa hadithi tu.

Mwanzo wa historia ni Alexander Friedmann, Mrusi aliyeonyesha mwaka 1922 kwamba milinganyo ya Einstein inaruhusu ulimwengu unaopanuka, na hata unaopanuka na kusinyaa kwa vipindi. Kihesabu jambo hilo ni halali. Lakini Richard Tolman, katika kazi yake ya mwaka 1934, aliuliza swali letu na kupata jibu gumu: entropia ya duru moja haifutiki katika msongo, inarithiwa na duru inayofuata, kwa hiyo kila duru huwa kubwa na ndefu kuliko iliyotangulia. Ukirudi nyuma, duru zinakuwa fupi zaidi na zaidi, hadi unafika mahali ambapo lazima pawe na mwanzo. Waache vijana wachore jambo hili ubaoni wao wenyewe, vilima vinavyokua kuelekea kulia, na wagundue kwamba mzunguko uliobuniwa ili kuukwepa mwanzo umewarudisha kwenye mwanzo.

Nadharia ya pili ninayopendekeza ipewe muda mrefu ni ya Paul Steinhardt na Neil Turok, waliyoitoa kati ya mwaka 2001 na 2002. Vijana wa huku watapenda kujua kwamba Turok alizaliwa Johannesburg, na kwamba wazazi wake walipotoka kifungoni kwa kuupinga ubaguzi wa rangi familia ilikimbilia Kenya na Tanzania. Mwaka 2003 alianzisha taasisi ya hisabati ya AIMS karibu na Cape Town kwa ajili ya vijana wa Afrika. Katika nadharia yao, ulimwengu wetu ni kama utando uliotenganishwa na utando mwingine kwa kipimo cha ziada tusichokiona. Tando hizo hugongana, mgongano huo ndio tunaouita mlipuko mkuu, kisha huachana na kurudiana baada ya muda mrefu sana. Entropia inakwenda wapi? Haifutwi, inatawanywa. Nishati ya giza hupanua nafasi kwa muda mrefu kiasi kwamba maada na entropia ya duru iliyopita hubaki nyembamba mno, na mgongano unaofuata huanza karibu na utupu. Hiki ndicho ninachokiheshimu katika kazi hiyo: inaijibu hoja ya Tolman uso kwa uso, na inaipa nishati ya giza kazi ya kufanya.

Lakini jibu hilo nalo lina gharama yake, kwa sababu ulimwengu unaotawanya entropia hivyo katika kila duru unakua kwa wastani. Mwaka 2003 Arvind Borde, Alan Guth na Alexander Vilenkin walithibitisha kihesabu kwamba ulimwengu wowote ambao kwa wastani umekuwa ukipanuka hauwezi kurefushwa nyuma bila kikomo. Swali la mwanzo halijaondoka, limesogezwa mbali tu.

Uzuri wa pili wa nadharia hii ni kwamba inaweza kukanushwa. Nadharia iliyozoeleka ya upanukaji wa ghafla wa mwanzo inaruhusu mawimbi ya mvutano ya awali yenye nguvu ya kuacha alama katika mnururisho wa kale, ilhali ya Steinhardt na Turok inatabiri kwamba alama hiyo haitaonekana. Machi 2014 watafiti wa BICEP2, wenye darubini yao katika Ncha ya Kusini, walitangaza kuwa wameiona, na kwa miezi kadhaa ilionekana kama mizunguko imekwisha. Mapema mwaka 2015, baada ya kuunganisha vipimo vyao na vya Planck, ilibainika kuwa vumbi la galaksi yetu lilitosha kueleza walichokiona. Simulia tukio hili taratibu, kwa kuwa linaonyesha jinsi tangazo la kisayansi linavyosahihishwa hadharani. Hadi leo alama hiyo haijapatikana, jambo ambalo haliithibitishi nadharia ya mzunguko bali linaiacha hai.

Nadharia ya tatu ni ya Roger Penrose, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020 kwa kazi yake juu ya mashimo meusi. Yeye anaanza kule kwenye ubaridi wa milele. Mashimo meusi yakiisha kuvukiza, anasema, utabaki mwanga, na mwanga hauna uzito, na pasipo kitu chenye uzito hakuna saa wala rula, kwa hiyo ulimwengu unapoteza kumbukumbu ya ukubwa wake. Ulimwengu mkubwa, baridi na mtupu unakuwa, kwa macho ya hisabati, sawa na mdogo wenye moto, na hapo duru mpya inaanza. Entropia yake inaishia ndani ya mashimo meusi, ambamo Penrose anashikilia kwamba taarifa hupotea kabisa. Wengi wa wenzake hawakubaliani naye hapo. Tena nadharia inahitaji elektroni nazo zipoteze uzito wao katika wakati wa mbali, na hakuna jaribio linaloonyesha hivyo. Mwaka 2010 yeye na Vahe Gurzadyan walisema wameona duara katika mnururisho wa kale zilizoachwa na duru iliyotangulia, lakini timu nyingine zilizochunguza takwimu hizohizo zilionyesha kwamba duara kama hizo hutokea kwa bahati hata katika ulimwengu usio na mzunguko. Kwa maoni yangu ni wazo la ujasiri mkubwa lenye ushahidi mdogo, na vijana waambiwe yote mawili kwa sauti ileile.

Swali la imani

Katika kundi la vijana wa Moshi kutakuwa na Walutheri, Wakatoliki, Waislamu na wengine, na swali la kiama litakuja. Lipokee kwa heshima, usilicheke na usilihubiri. Sema wazi kwamba fizikia inashughulika na kinachoweza kupimwa, na kwamba miaka trilioni 100 ya nyota si hoja kwa upande wowote wa Siku ya Mwisho. Mfano bora ni Lemaître mwenyewe, aliyekuwa padre wa Kanisa Katoliki na ndiye aliyependekeza mwaka 1931 kwamba ulimwengu ulianza kutoka hali moja ndogo yenye msongamano mkubwa. Alitenganisha kazi yake ya madhabahuni na ya hesabu, wala hakutaka moja iwe ushahidi wa nyingine. Mzazi au mchungaji akitia wasiwasi, mwalike aje kusikiliza, na mpe kiti cha mbele.

Kazi ya kubaki nayo

Chukueni karatasi ya manila na mchore jedwali. Upande wa kushoto yaandikwe majina ya nadharia zote mlizozijadili, kisha kila moja ijazwe kwa sentensi kamili: inasema nini juu ya hatima, inaifanyia nini entropia, na ni kipimo gani kikitokea kitaikanusha. Safu ya mwisho ndiyo itakayowachosha, na baadhi ya nafasi zitabaki wazi. Ziachwe wazi, wala mtu asizijaze kwa kubuni. Kila kijana aandike jina lake kwa penseli mbele ya nadharia anayoiona ina nguvu zaidi, pamoja na sababu moja, ili aweze kulihamisha.

Jedwali libandikwe ukutani mwaka mzima. DESI inaendelea kutoa matokeo, chombo cha Euclid kilichorushwa Julai 2023 kinapima galaksi kutoka angani, na kituo cha darubini cha Rubin huko Chile, kilichotoa picha zake za kwanza Juni 2025, kitapata supanova kwa wingi usiowahi kuonekana. Mteue mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu na mwingine wa kidato cha nne wafuatilie habari hizo na kuzileta kila mwanzo wa muhula. Yule wa kidato cha nne atakapomaliza mtihani wa taifa, wa kidato cha tatu ampokee kazi pamoja na penseli, na mdogo wao achaguliwe kuchukua nafasi ya pili.